Namba ya Leo

Nilikwenda zahanati kwa sababu ya moyo,
nikasema: ni presha. Nesi Mbeyu akanifunga mkono,
akapuliza, akaachia, akasoma.
"Presha yako nzima, Mwanashee. Hebu niambie usiku."
Usiku. Nani kanifunza kuueleza usiku?
Nikamwambia tu kwamba mwaka wa pili huu
sijawasha jiko kwa mkono wangu,
na mishikaki ikichomwa barazani kwa Shekuwe
mimi hujikuta chini ya kitanda, kanga mdomoni.

Hakushangaa. Aliniuliza maswali matano kutoka karatasi moja,
nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo.
La tano nikalia.

Mshauri huja mara moja kwa mwezi, akija.
Basi akachukua simu yangu yenye kioo kilichopasuka,
akaitia programu: bure, ila bando ni lako.
"Hii si dawa," akasema, "ni fimbo ya kushikia njiani.
Tuonane Jumanne. Na Jumanne ile nyingine."

Kila alfajiri inaniuliza: Umelalaje? Sufuri hadi kumi.
Mavyaa husikia mlio, hunitazama kwa pembe ya jicho:
"Ni nani huyo anayekujulia hali kuliko mumeo?"
Mwanangu Bwanaheri aliifuta apate nafasi ya mchezo wa mpira.
Tulipoirudisha ilinisalimu kama mgeni,
siku zangu arubaini na moja zote hazipo,
nikaona uchungu wa muuzaji aliyeibiwa daftari la madeni.

Ina duara. Duara likivimba, vuta pumzi;
likinywea, toa.
Kama donge la mahamri, nikawaza, likiumuka na kukandwa tena.
Hilo nililiweza.

Lakini ile sauti ya kike, laini, ya bara,
ilipoanza: "Fumba macho. Fikiria bahari tulivu,"
niliitupa simu ndani ya pipa la unga.
Bahari! Usiku ule pia ilikuwa tulivu.
Maji yamekupwa, matope magotini,
tumejipanga na ndoo kutoka Gadeni mpaka ufukweni
na ufukwe unazidi kwenda mbali,
makuti yanaruka na moto wake paa hadi paa,
na Zeituni ndani.
Bahari iliona yote, ikatulia.

Jumanne nikamwambia Mbeyu: waambie waing'oe hiyo bahari.
Akacheka, kisha hakucheka.
"Walioiunda hawakujui. Ruka hapo.
Weka chako."

Changu ni chekeche.
Nalishika mbele ya taa, nahesabu matundu,
vidole vinanukia iliki, sakafu baridi nyayoni,
punda wa jirani analia, hapa ni hapa, leo ni leo,
na nikifika mia na kitu moyo unarudi kifuani
kama kuku jioni, kwa kusitasita.

Si kila siku. Juzi niliamka na tisa.
Ijumaa njiti tatu zilinivunjikia mkononi
nikakaa sakafuni mpaka adhana.

Leo imeuliza, nikaandika sita.
Jana pia sita. Mchoro umelala kama kamba ya nguo,
na Mbeyu atasema tusubiri.
Simu haina mahali pa kuandika lililobaki, naliandika hapa:
sita ya jana niliibonyeza kitandani.
Ya leo nimeibonyeza jikoni,
kwa kidole chenye unga,
mafuta yakianza kunong'ona.