Kalamu ya Mahudhurio

Ukumbi upo ghorofa ya pili, Kariakoo,
juu ya duka la vyerehani na nyuzi za rangi.
Madirisha yalipigwa misumari na fundi wa kiyoyozi.
"Baridi isitoroke," alisema.
Haikutoroka.
Wala pumzi zetu hazikutoroka.

Mwaka jana tulikuwa thelathini na wawili,
watunza hesabu wa vikundi vya kuweka na kukopa:
Tandika, Kigogo, Mbezi, mmoja katoka Kimbiji.
Siku ya pili Tumsifu akaja na taulo shingoni,
macho mekundu kama katoka kumenya
vitunguu vya pilau ya harusi.
Nikamwambia, "Rudi ukalale, kaka."
Akanitazama. Akaitazama karatasi.
"Dada, si mmesema asiyesaini halipwi?"
Kweli. Sharti lile nililichapa mimi,
kwa herufi nzito, nikalipigia na mstari.

Akasaini.
Kalamu ilikuwa moja, imefungwa uzi mezani,
maana tulikuwa tunalinda kalamu ya shilingi mia tatu.
Kwa Tumsifu ikaenda kwa Nyamizi,
ambaye huing'ata kidogo kabla ya kuandika jina,
ikaenda kwa Mzee Pazi, ikarudi kwangu.
Nyuma ya mlango palikuwa na bango:
Kinga ni bora kuliko tiba.
Mlango ukiwa wazi, halisomeki.

Alhamisi kikohozi kilikwenda kwa zamu,
meza hii ikiuliza, meza ile ikijibu.
Ijumaa, picha ya pamoja.
"Sogeaneni," alisema mpiga picha, "sogeaneni bado,"
tukasogeana mpaka bega likaegemea kidevu.
Tukagawana vyeti,
na kitu kingine ambacho hakikuwemo kwenye bajeti.
Kirusi hakikusaini popote,
lakini hakikukosa hata kipindi kimoja.

Nyamizi alikifikisha Kigogo.
Mama yake alikuwa na pumu.
Nilikaa mkekani siku mbili pale msibani,
nikala wali wao, nikakunja kanga zao.
Hakuna aliyenilaumu.
Hakuna aliyejua kilitokea wapi,
na mimi sidai kuwa najua.
Ila karatasi ninayo bado,
majina yote, kwa mfuatano wa kalamu.

Mwaka huu nilimwita kijana wa duka la spea
aje na nyundo ya kung'olea misumari.
Madirisha yakafunguka, na Kariakoo yote ikaingia:
honi, vipaza sauti, buku jero buku jero,
harufu ya mihogo ya kukaanga.
Mwezeshaji sasa anafundisha mizania kwa kupiga kelele.
Viti vimeachana. Saba vipo barazani.
Kila mtu na kalamu yake, kila mtu na chupa yake,
barakoa kwenye kisanduku, ndoo ya bomba ngazini,
na salamu ni mkono kifuani.

Kazi ilikuwa kwa Kibwana, mhasibu.
"Utamlipaje mtu ambaye hakuja?"
"Namlipa kwa kutokuja. Ndiyo kazi aliyoifanya leo."
"Mkaguzi nimwambie nini?"
Sikuwa na jibu la mkaguzi.
Nilimwonyesha ile karatasi ya mwaka jana,
nikaweka kidole kwenye jina moja.
Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.
Akasema, "Nusu posho."
Nikasema, "Nzima."
Tukabishana mpaka adhuhuri.

Jana, saa moja asubuhi, simu: Mzee Pazi.
Sauti imekwaruza kama mlango wa bati.
"Mwanangu, leo kifua hakinitaki. Nijikaze nije?"
"Kaa, mzee."
"Na jina langu?"
Nikalitafuta kwenye orodha, namba kumi na tisa.
Penye sahihi, kwa kalamu yangu mwenyewe,
nikaandika: Yupo nyumbani.
Akakohoa, mbali, upande wa pili wa simu,
kikohozi cha Tandika kikabaki Tandika.