Mia Moja Arobaini na Nne

Kinanda hakitumi sauti. Ilinichukua wiki nzima kulielewa hilo,
hapa Isevya, juu ya meza ya cherehani ya mama,
waya mmoja ukitoka kinandani kuingia kwenye kompyuta
nami nikisubiri wimbo upite.
Hupita namba. Tatu, tatu.
144: kidole kimegusa.
60: kimegusa wapi.
87: kimegusa kwa nguvu gani.
Basi. Muziki wote wa Jumapili, pamoja na ule wa mazishi,
hupenya humo kama mchele kwenye tundu la gunia.

Nikaandika mistari ya kungoja:
sikiliza; kama kuna kitu, kisome; kama hakuna, rudi usikilize.
Mama akachungulia, akasema, hiyo ni kazi ya mlinzi.

Alhamisi Mihambo akaja kunijaribia,
mpiga kinanda wa kwaya yetu, begi tayari begani:
kahamishiwa Mpanda, anaondoka na treni ya usiku.
Akapiga bila viatu, alivyozoea.
Namba zikamwagika kiooni
nami nikaona nisichowahi kusikia miaka sita
nikiimba sauti ya pili, hatua mbili kutoka kiwiko chake:
kidole cha pete, mkono wa kulia, hakivuki arobaini.
Vingine tisini, mia. Hicho 38, 35, 38.
“Mlango wa behewa,” akasema, bila kuacha kupiga. “Zamani.”
Kumbe alikuwa akituchagulia nyimbo
kwa kukikwepa kidole kimoja,
nasi tukisema ana maringo.

Kisha umeme ukakatika.
Kinanda kikazima kidole kikiwa bado chini.
Kompyuta ina betri; haikujua.
Ilikuwa imepokea 144, 64, 38.
Ile ya kuachia haikufika.
Tukacheka gizani. Akavaa viatu kwa kupapasa, akaenda stesheni.

Sasa saa tano. Spika ndogo bado imeishikilia ile noti,
nyembamba, kama mbu mwenye adabu.
Dawa naijua: 176, 123, 0,
achia zote.
Nimeiandika. Sijabonyeza.
Kwa hesabu za programu yangu Mihambo hajainuka,
kidole chake kibovu kimelala juu ya kitufe,
na hakuna yeyote, Kaliua wala Mpanda,
aliyetuma namba ya kusema vingine.

Mama anauliza kutoka chumbani, kinacholia hicho ni nini?
Hitilafu, namjibu.
Nitaitengeneza kesho.