Pembe za Bati

Tembo wa Mombasa hana mwili.
Ana pembe tu, nne, za bati,
zimepandana juu ya barabara
na magari yanapita katikati yake kama punje mdomoni.
"Kichwa chake kiko wapi?" Momanyi aliuliza.
"Kiko chini ya lami," baba akajibu. "Simama wima, usifumbe macho."
Mpiga picha akarudi nyuma hatua moja, mbili,
honi zikamtukana,
akabonyeza.

Picha yenyewe ndiyo hii, iko kwa mama hadi leo
ndani ya fremu ya kauri.
Sita zimebanduka, gundi imebaki kama kamasi kavu.
Baba amevaa fulana ya mnazi na jua jekundu, MOMBASA RAHA,
na chini viatu vyeusi vya ofisini,
vya kiwanda cha chai, soksi zimevutwa hadi magotini.
Miaka mitatu aliweka akiba.
Bahasha ilikaa nyuma ya redio, imeandikwa PWANI,
na hakuna aliyethubutu kuigusa, hata ada ilipochelewa.

Tulipanda ngamia. Aliitwa Waziri
kwa sababu, mwenyewe alituambia,
hula vya watu wala hamtazami mtu usoni.
Aliponyanyuka, mama alipiga ukemi,
ukemi wa msichana,
ambao sikuwahi kuusikia kabla, wala baadaye.
Shilingi mia mbili, kwenda hadi kibanda cha maboya na kurudi.
Nimenunua mengi ya ghali tangu siku ile.

Tulipanda boti yenye kioo sakafuni.
Kioo kimekwaruzwa, maji yamevurugika,
kitu cheupe kikapita chini yetu, kikipepea.
Mama alisema mfuko wa plastiki.
Baba aliamua: samaki.
Basi, tukarudi nyumbani na habari za samaki.

Tukala viazi karai hadi ukwaju ukatutoka puani,
tukala mabuyu, tukatoleana ndimi nyekundu
mbele ya vioo vya duka la shanga.
Nikachorwa hina ya haraka, ua lililofanana na pweza.
Na kwa Twahiri muuza vinyago
vishikio vya funguo vilining'inia kwa mamia, kila kimoja na jina la mtu,
majina ya dunia nzima, ila letu hata moja.
Akachoma msumari kwenye jiko la kahawa,
akaanza kuniandika kwenye kijisamaki cha mpingo: B, O, S, I,
nafasi ikaisha.
"Chukua tu," akasema. "Bosibori wako wengi. Wewe utakuwa bosi."

Siku ya mwisho bahasha ilikuwa tupu.
Baba akagundua kwamba abiria wa miguu hatozwi kwenye feri.
Tukavuka Likoni, tukarudi.
Tukavuka, tukarudi.
Mara ya nne askari akatuzuia: "Mzee, mmepoteza nini ng'ambo?"
"Hatujapoteza kitu," baba akasema, kifua mbele.
"Tuko likizo."

Wenzangu kazini hunicheka.
Kuna fukwe zenye utulivu, wanasema, kuna hoteli
ambako hata mchanga hupepetwa.
Najua. Nimelala huko. Nililala vizuri,
na sikumbuki rangi ya mashuka.

Mwaka huu nimewaleta wangu.
Baba tulimzika Aprili, Nyamira, kwenye mvua;
fulana ile aliomba awekewe, na tukamwekea, chini ya suti.
Mwanangu ameinua macho kutoka kwenye simu:
"Mama, hizi si pembe. Ni mabati."
"Ndiyo."
"Na limepakwa rangi vibaya."
"Ndiyo. Simama wima."
Mpiga picha, kijana, anarudi nyuma,
honi zinamtukana,
kisha anashusha kamera, ananyoosha kidole:
"Mama, kamba ya kiatu."

Natazama chini.
Vyeusi. Vya ofisini.