Mahudhurio

Utangulizi wa Falsafa, Jumatatu, saa moja asubuhi,
Ukumbi B, Chang'ombe, feni mbili, moja ni pambo.
Sisi ni wa uhasibu. Tumeletwa na ratiba.
Wa mwaka wa pili wametuuzia desa la somo hili
kwa mia tano, limechoka,
ukurasa wa tisa haumo.

Daktari Nakijwa haanzi na Wagiriki.
Anaanza na karatasi ya majina.
"Sikujua Athumani?"
"Nipo."
"Unajuaje?"
Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.
Akasubiri jibu kama mtu anayesubiri chenji yake.

Halafu akageukia ubao, akaandika
nipo, niko, nimo,
chaki ikakatika kwenye nimo.
"Lugha yenu imewapa milango mitatu ya kuwa,
nanyi mnapita wote kwa mmoja, mkisukumana.
Nipo: hapa, kidole kinagusa.
Niko: huko, usiniulize wapi.
Nimo: ndani. Ndani ya nini?
Kalaleni na hilo. Wiki ijayo mniambie mmelalaje."

Nikaandika yote, nikapiga mistari miwili chini
kama tupigavyo chini ya jumla,
ingawa hakuna kilichojumlishwa.

"Mashaka Mbelwa?"
Kimya.
"Mashaka?"
"Yupo," nikasema. "Ametoka kidogo."
Akainua miwani.
"Mashaka yapo, hilo silipingi.
Nauliza kama yupo."

Karatasi ilipofika kwangu nilitia saini mbili:
yangu, na ile ya Mashaka,
yenye mkia unaorudi nyuma
kama mtu aliyesahau funguo.
Bumu lilipotoka jina lake halikuwamo.
Tangu hapo anapakua marobota Kariakoo,
Mtaa wa Narung'ombe, usiku hadi alfajiri,
na saa ya falsafa ndiyo saa yake ya kwanza ya usingizi.
Wiki kumi na moja nimemfanya awepo.
Kwa kalamu ya bluu.

Jioni, kwenye kimbweta, tunagawana chapati moja na desa moja.
Namsomea. Anasikiliza amefumba macho,
nyuzi za vitenge zimemganda shingoni.
"Hiyo niko," akasema siku moja, "ndiyo yangu.
Mama akipiga simu huuliza, uko chuo?
Namjibu, niko.
Sijadanganya. Neno lenyewe lina nafasi."
"Na nimo?"
Akafikiri. Paka akapita chini ya zege,
akanusa chapati, akatudharau.
"Nimo kwenye karatasi yako," akasema,
na sikujua kama ananishukuru.

Mtihani. Swali la kwanza, la lazima, alama arobaini:
*Eleza tofauti kati ya kuwapo na kuhudhuria. Toa mfano.*
Mfano nilikuwa nao. Nilikaa nao nusu saa,
umenikaba kooni kama mfupa wa dagaa.
Kuutoa ni kumtoa Mashaka,
ambaye alikuwa mistari mitatu mbele yangu,
shati limepigwa pasi, mgongo umeinama,
anaandika kama anayepakua mzigo: haraka,
bila kuangalia lebo.

Nikaandika juu ya feni.
Kwamba ile ya pili ipo, tunaiona, ina mapanga matatu,
imo hata kwenye daftari la mali za chuo
na kila mwaka inapunguzwa thamani kwa kanuni,
ila tangu tufike haijahudhuria hata siku moja.
Nilijicheka mwenyewe. Msimamizi akanitazama.

Matokeo: ishirini na saba.
Pembeni, kwa wino mwekundu, herufi za kulala:
*Feni imenifurahisha.
Lakini ulikuwa na mfano mwingine.*

Nikaisoma nimesimama koridoni, watu wananipita,
wengine wanalia sapu, wengine wanapiga picha namba zao ukutani.
Nikatafuta namba ya Mashaka kwa kidole.
Thelathini na sita.
Sijamuuliza aliandika nini.
Nilimpigia, akapokea katikati ya kelele za mkokoteni,
nikamwambia, umefaulu,
akasema subiri, subiri kidogo,
kontena limefunguliwa.