Nyuma ya Karatasi ya Tumbaku

Kalunde ameandika kutoka Urambo:
"Nipe orodha. Vifaa vya lazima tu.
Kompyuta za shule ni saba, kongwe,
na bando la mwalimu halifiki Jumapili."

Lazima tu.
Nimekaa na maneno hayo tangu alasiri
hapa Ipuli, chumba cha uani,
feni imefungwa kwa kamba ya katani.
Karatasi ya mizani ya chama cha tumbaku,
yenye kilo za baba na daraja la majani yake,
nimeigeuza. Nyuma ni nyeupe.

Walioitunga kompaila hii wanataka vifaa kumi na tisa.
Niliwasoma kama fomu ya kujiunga na bweni:
ndoo, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, kwanja,
na wewe unajua kabisa
kwanja hilo halitafyeka nyasi hata siku moja.

Basi nikafanya ukatili mdogo.
Ndani ya mashine nikajenga chumba kitupu,
hakina dirisha, hakina hata kijiko,
nikauweka msimbo sakafuni, nikauambia: jijenge.

Ukagoma papo hapo. Ukataka meki.
Nikaandika: meki.
Ukagoma tena. Ukataka asembla,
ukataka kiunganishi, kile kinachoshona vipande viwe nguo.
Nikaandika. Hao ni wa nyumbani.

Kisha wakaja wenye majina ya kwao:
Nyati, anayezaa sarufi;
Chatu, mrefu, megabaiti mia na ushee;
na Lulu, aliyezeeka na heshima zake.

Chatu nilimfuata hatua kwa hatua.
Anaamka mwishoni tu, kwenye majaribio.
Anayejenga bila kujaribu atajua mwenyewe,
ila kujenga, atajenga. Nikamfuta.
Nyati, mavuno yake yamo tayari ndani ya kifurushi,
mtu aliyavuna kabla gunia halijashonwa.
Hahitajiki mpaka siku utakapoigusa sarufi.
Huyo nikamzungushia duara.
Lulu kazi yake ni kuchapa kitabu cha maelezo.
Kalunde hasomi vitabu vya maelezo, namjua.
Kwaheri, Lulu.

Saa mbili na robo umeme ukakatika.
Betri asilimia thelathini na moja,
na mstari mmoja niliokuwa nauruka makusudi:
ili ujenge kompaila, uwe na kompaila.

Nikatoka nje nikacheka peke yangu.
Mama alikuwa jikoni na kibuyu cha wanzuki,
kile asichokiosha, kwa sababu chachu imo humo,
ya leo imetoka kwa ya jana, ya jana kwa ya juzi.
Nikamuuliza, ule wa kwanza kabisa,
chachu yake ulitoa wapi?
"Kwa jirani," akasema, akafunika.

Nikarudi na kibatari, nikaandika:
kompaila ya jirani. Yoyote. Hata kongwe.
Ile kongwe ikajenga ya kwanza,
ya kwanza ikajenga ya pili,
ya pili, betri ikiwa tisa, ikajenga ya tatu.
Nikazilinganisha ya pili na ya tatu, baiti kwa baiti.
Kilinganishi hakikusema kitu.
Huwa hakisemi kitu vitu vikiwa sawa.

Kalunde, hii hapa:
vinne vya lazima, duara moja,
na kimoja chenye alama ya kuuliza,
maana chumba kitupu kilikililia
na sikukiona kikifanya kazi yoyote.
Ukigundua kinafanya nini, niambie.

Nimepiga picha. Mwanga wa kibatari umepenya karatasi,
utaona tarakimu zimegeuka nyuma ya maneno,
mia moja arobaini na mbili, daraja la chini.
Hizo ni za baba.
Usizipakue.