Fungu la Sitini na Tatu

Den Haag, Jumanne, mvua ya rasharasha.
Penseli tu, amesema mhifadhi, kalamu za wino acha nje.
Mikono nimeiosha mara mbili.
Sanduku limefungwa kwa utepe mweupe
kama mtoto aliyeandaliwa kwa ubatizo.

Nyumbani tuliambiwa alikuwa binti wa mfalme wa Solo.
Shangazi Leentje aliapa, akigonga meza kwa kijiko.
Mama, kwa majirani wa Apeldoorn, alisema: Mhispania.
Ndiyo sababu ya nywele hizi,
na rangi hii isiyopauka hata Januari.
Jina hakulitaja yeyote.

Hati ya kwanza, Semarang, 1887:
mbele yangu, msajili, amefika Bwana Evert Loosbroek,
mhasibu wa kiwanda cha sukari, Kendal,
akakiri kwamba Cornelia, msichana wa miaka mitatu, ni wake,
aliyezaliwa na mwanamke mwenyeji Saminten.

Saminten. Hana ubini, hana umri, hana kijiji.
Aliyezaliwa na. Kama maji yanavyotoka mferejini,
na nani huuliza mfereji uliamkaje?

Hati ya pili: Samintin.
Ya tatu: Si Minten, mtunza nyumba.
Mtunza nyumba, ndivyo walivyomwita
aliyelala upande wa ukutani miaka sita.
Wino wa Mungu haufutiki.
Wa karani haukuhitaji kufutwa, uliandika nusu tangu mwanzo.

Orodha ya abiria, Mei 1889: Loosbroek, na mtoto mmoja.
Nimehesabu tena kwa ncha ya penseli.
Na mtoto mmoja.

Ningefunga sanduku hapo. Ilikuwa saa tisa na nusu, tumbo likinguruma.
Lakini chini kabisa kulikuwa na daftari la mnada,
vyombo vya bwana aliyeondoka:
farasi mwekundu, chongo;
taa nne;
viti vya henzirani kumi na kimoja (cha kumi na mbili kilivunjwa na nani?);
piano, vibonyezo vitatu vimekufa kwa unyevu.
Bei, mnunuzi. Bei, mnunuzi. Majina ya Kiholanzi, ya Kichina,
Mwarabu mmoja wa Pekojan aliyechukua taa zote.

Fungu la 63: kitanda cha mtoto, chandarua chake, birika linalovuja.
Bei ya kuanzia, nusu gilda.
Bei ya mwisho, gilda nne na senti kumi.
Mnunuzi: mwanamke Saminten. Amelipa taslimu.

Amelipa.
Katika makaratasi yote kitenzi kimoja,
na mtendaji ni yeye.

Kutoka nusu hadi nne na kumi: basi kuna mtu alishindana naye.
Mke wa daktari? Mchuuzi aliyetaka birika tu?
Alipaza sauti, au aliinua kidole,
kila mara, mbele ya watu waliojua kitanda ni cha nani
na kwamba mwenye kitanda yuko baharini tayari?
Na fedha alizitoa wapi,
senti za sokoni alizobania moja moja
zikafungwa kwenye pindo la sarongi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.
Mtu je? Hapa mtu amepotea
na daftari limetunza birika.

Cornelia alimzaa bibi, bibi akamzaa mama:
mwana, mjukuu, kitukuu, na mimi kilembwe
mwenye miaka hamsini na tisa, mkubwa kuliko yeye siku ile,
labda mara mbili.
Nimenakili mstari huo herufi kwa herufi,
pamoja na kosa la karani kwenye neno chandarua.

Mhifadhi ameanza kuzima taa za upande wa dirisha.
Umepata ulichotafuta?
Nimemkuta akinunua, nikasema.
Hakuelewa; akatabasamu kwa adabu.

Kwenye kituo cha tramu ninaliwaza birika.
Hati haisemi kama liliwahi kuzibwa.