Mpira Unaovuja

Amaro alipohamia Vigo kwa yule daktari wake wa meno
alichukua redio, ngazi, na kisu kizuri cha kupogolea.
Akaniachia mpira wa maji wenye matundu matatu
na robo eka isiyotimia, nyuma ya nyumba,
mahali ambapo kiangazi hakimtishi mtu:
jua la huku hubisha hodi kabla ya kuingia,
na likiingia, haliketi sana.

Julai. Viazi nimeving'oa, udongo uko wazi.
Jumanne nilikwenda gulioni kwa Xaquina,
anayeuza miche mafungu mafungu
iliyoviringishwa kwenye gazeti lililoloa.
"Hii liki. Hii sukuma, itavumilia baridi.
Usipande jua likiwaka. Ngoja jioni.
Na ikifa usije kunililia."
Bei hapunguzi. Huongeza mche mmoja, basi.

Nyumbani nikalikunjua gazeti: habari za mwezi uliopita,
mgomo wa bandarini, mtu anamtafuta mbwa wake,
wino umeingia hadi kwenye mizizi.
Nikachimba. Nikafukia mwani niliousukuma kwa toroli
toka ufukweni, una chumvi bado,
na vijidudu vyake vikirukaruka kama vimeonewa.
Kati ya mche na mche nikaacha unyayo mmoja.
Unyayo wangu. Amaro alipanda kwa kamba na rula:
mistari ilinyooka, mavuno yakapinda.

Kisha ukungu.
Jina moja, ndugu wawili:
ukungu unaopanda kutoka baharini alfajiri,
na ukungu unaotua kwenye majani ya nyanya,
doa moja la kahawia, kesho kumi, kesho kutwa shina zima.
Jirani Eladio alisimama uzioni kunifundisha:
nipulize dawa ya shaba, nikate majani ya chini,
maji niyapeleke shinani, nisiyarushe juu.
Nikatii yote.
Ijumaa nikachungulia kwake:
nyanya zake nyeusi kuliko zangu.
Hatukulitaja. Aliniletea mayai sita,
nikamkaangia zile hoho ndogo za kijani
ambazo moja kati ya kumi huficha moto,
tukala uzioni kimya, tukitazamana,
kila mmoja akingoja mwenzake aungue.

Usiku ni zamu ya konokono wasio na nyumba.
Natoka na tochi mdomoni, kopo la kahawa mkononi,
gauni la kulalia limechomekwa kwenye mabuti.
Jana thelathini na wanne.
Uxía akapiga simu toka Zurich:
"Mama, mbona unahema?"
Nikamwambia niko dansini.

Mpira mwingine sijanunua. Kila mwaka nasema nitanunua.
Tundu la kwanza, karibu na bomba,
nimelifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.
La pili hunilowesha goti la kushoto,
goti hilohilo linalouma; huenda ni tiba.
La tatu linavujia njiani,
pale ambapo hakuna aliyewahi kupanda kitu,
na pale, bila mbegu, bila jembe, bila ushauri wa Eladio,
pamesimama mnanaa. Umenifika kiunoni.
Nyuki hawatoki hapo mpaka giza liwafukuze.

Katikati ya Agosti, sikukuu ya Bikira ikipita,
nitasia tanipu,
mbegu ndogo hata mkono hausadiki umeshika kitu.
Majani yake tutayala Februari
mvua ikipiga dirisha kama mdai.

Juzi Amaro alipiga simu.
Akazunguka, akaulizia afya ya goti,
mwisho akauliza kama ule mpira bado upo.
Huko wana roshani, na vyungu vinne, na vyote vinakauka.

Nikamwambia upo.
Ila una kazi.